Mchanga wa Mto ni Tangi la Maji



Mali ya asili ni ya namna mbili. Kuna inayorudi ukiitumia kwa kiasi, kama miti, nyasi na samaki. Na kuna isiyorudi: petroli ukishaichoma, imekwenda. Je, mchanga wa mto tuuweke wapi? Wengi husema, "Huo hauishi, mvua italeta mwingine." Hebu tuangalie.

Huku Ukambani mito mingi hukauka mvua ikiisha. Lakini ukichimba mchangani, unapata maji. Kwa nini? Kati ya chembe za mchanga kuna nafasi, na maji ya mafuriko hujificha humo. Ndoo 4 za mchanga wa chembe kubwa zinaweza kukupa karibu ndoo 1 ya maji. Na ukipita futi 2 hivi kwenda chini, jua haliyafikii kwa urahisi.

Sasa malori yakija kila siku, mchanga unatoka haraka kuliko mvua inavyoleta. Mto unabaki mwamba mtupu. Mafuriko yanapita mbio, kingo zinabomoka na shamba la jirani linakwenda nayo. Kijana aliyepakia lori amepata pesa, na kweli anaihitaji. Lakini mama yake sasa anatembea mbali zaidi na mtungi.

Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Lakini sheria bila wenyeji haitoshi. Kikundi kifanye nini?

1. Pigeni alama kwenye mwamba wa ukingoni. Kila mvua ikiisha, pimeni mchanga. Ukiwa umeshuka, pumzisheni mahali hapo.
2. Msichote karibu na daraja, kisima au ukingo.
3. Chimbeni matuta mashambani na kupanda nyasi, ili udongo usiingie mtoni na kuziba mchanga.
4. Jengeni bwawa la mchanga: ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kukata mto. Mafuriko yenyewe yatalijaza mchanga. Mwoneni kwanza afisa wa maji. Ukuta usiofika kwenye mwamba huvuja au kubomoka.

Maswali ya kujadili kikundini

- Kiangazi kilichopita mlichimba futi ngapi kupata maji? Na miaka 10 iliyopita?
- Pesa ya mchanga huingia mfuko wa nani?
- Tukizuia malori, vijana wetu watafanya kazi gani?

Swali la mwisho msiliruke.