Philip Bliss, Mtunga Nyimbo za Injili

Katika makanisa mengi ya Afrika ya Mashariki huimbwa wimbo uitwao Salama Rohoni. Waimbao ni wengi, bali wajuao habari za mtu aliyeutungia sauti ni wachache. Leo twapenda kueleza maisha yake.

Philip Bliss alizaliwa tarehe 9 Julai 1838 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipopata umri wa miaka 11 aliondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi mashambani na kwa wakata miti. Alisoma kila alipopata nafasi, hata akawa mwalimu wa muziki, akizunguka vijijini na farasi wake na kinanda kidogo. Mwaka 1859 alimwoa Lucy Young, naye alikuwa mwimbaji.

Mwaka 1864 walihamia Chicago, na Bliss akafanya kazi kwa wachapishaji wa vitabu vya muziki. Lakini mwaka 1874 aliacha kazi za kumpatia fedha, akajitoa kuimba katika mikutano ya Injili. Mwaka uliofuata, yeye na Ira Sankey walitoa kitabu cha nyimbo kilichonunuliwa sana. Wala faida yake hawakuiweka mifukoni mwao.

Maneno ya Salama Rohoni yaliandikwa na Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, ambaye binti zake wanne walikufa meli ilipozama mwaka 1873. Bliss akayatungia sauti mwaka 1876. Katika kiitikio, waimbaji wa sauti za juu hutangulia, na wa sauti za chini huwajibu. Kwa hiyo hata asiyejua kusoma noti hujifunza upesi.

Tarehe 29 Desemba mwaka ule ule, Bliss na mkewe walipanda gari la moshi kwenda Chicago, wakiwaacha wana wao wawili wadogo kwa jamaa zao. Usiku, theluji ikianguka, daraja la chuma la Ashtabula, Ohio, lilivunjika. Injini ya kwanza ilivuka; mabehewa yakaanguka mtoni, yakashika moto. Watu wapatao 92 walikufa, na Bliss na mkewe miongoni mwao. Miili yao haikutambulikana.

Sanduku lake lilisalimika. Ndani yake yalikutwa maneno ya wimbo usio na sauti bado. James McGranahan akautungia sauti, akashika na kazi ya uimbaji aliyoiacha Bliss. Basi mtu yule alikufa akiwa na umri wa miaka 38 tu, na nyimbo zake zaimbwa hata leo.