Je, Wajua? Fuwele ya Bati Igeuzayo Joto Kuwa Umeme

Katika wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, iliyo na kata ya Songambele, ardhi imehifadhi tangu kale jiwe jeusi zito liitwalo kasiterite, ambalo ni bati lililofungamana na oksijeni. Na wachimbaji wadogo, walipondao na kuliosha hata mchanga mwepesi ukachukuliwa na maji na lile zito likabaki chini, aghalabu hulijua kwa bei yake sokoni kuliko kwa ajabu iliyofichika ndani yake. Bati hilo likisafishwa na kuunganishwa na seleni, huwa fuwele ya kijivu ambayo, upande wake mmoja ukipata moto na wa pili ukibaki baridi, huzaa umeme pasipo gurudumu wala moshi.

Tabia hiyo aliigundua Thomas Johann Seebeck mjini Berlin mwaka 1821, alipounganisha metali mbili, akakipasha moto kiungo kimoja, akaona sindano ya dira ikigeuka. Kitu kifaacho kwa kazi hii sharti kiwe na sifa mbili zisizopatana kwa urahisi, yaani kuupitisha umeme kwa wepesi na kulizuia joto, maadamu joto likishaenea sawasawa pande zote, umeme hukoma.

Siku hizi wataalamu huyageuza madini ya namna hii kuwa mvuke ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, yakatua juu ya kioo kama utando mwembamba kuliko unywele. Lakini utando mpya ni dhaifu, kwa kuwa atomi zake zimetua ovyo, na elektroni hukwama katika kasoro zake. Dawa yake ni moto wa kiasi: utando wa bismuthi na teluri, kwa mfano, ambao nao hugeuza joto kuwa umeme, hupashwa ndani ya gesi ya argoni, aghalabu baina ya nyuzi 200 na 400 za Selsiasi, hata atomi zikajipanga, punje zikakua, na umeme ukapata njia. Moto ukizidi, teluri hutoroka kama mvuke, na mipaka ya punje iliyokuwa ikilizuia joto hupungua, faida ikageuka hasara.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kuwa fuwele moja ya bati na seleni hufikia 2.6 katika kipimo cha ubora kiitwacho ZT, ilhali kwa miongo mingi kuipita 1 kulikuwa taabu. Fuwele hizo, hata hivyo, huvunjika upesi, na zile za punje nyingi zilibaki nyuma, mpaka mwaka 2021 wao na wenzao wa Seoul walipothibitisha kisa chake: punje zilivikwa ngozi nyembamba ya oksidi ya bati, ipitishayo joto zaidi ya mara mia kuliko fuwele yenyewe. Walipozipasha moto ndani ya argoni iliyochanganywa na haidrojeni kidogo, oksijeni ikatoka, na kipimo kikapanda hadi 3.1 hivi.

Oksidi ya bati ndiyo kasiterite ya Kyerwa. Basi kuiondoa oksijeni yake ni kazi ya myeyushaji wa bati na ya mtaalamu wa maabara vilevile. Majiko ya kuni yenye vifaa vya jamii hii, yawezayo kuendesha feni ndogo na kuchaji simu, yamekwisha kuuzwa Kenya na Uganda, na kila hatua ya ubora ipatikanayo kwa moto uliopimwa vema yaweza kuongeza nuru katika nyumba zisizofikiwa na nguzo za umeme. Kwa hiyo ni haki ya mwanafunzi wa Songambele kufundishwa kemia ya jiwe la wilaya yake, pamoja na bei yake.