Jinsi ya Kuikinga Familia na Homa ya Mafua

Homa ya mafua ni ugonjwa wa njia ya hewa unaosababishwa na virusi vya influenza. Usiuchanganye na mafua ya kawaida. Mafua ya kawaida huanza polepole kwa chafya na makamasi, na mgonjwa huweza kuendelea na shughuli zake. Homa ya mafua huja ghafla: homa kali, maumivu ya kichwa na viungo, kikohozi kikavu na uchovu unaomlaza mtu kitandani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kila mwaka ugonjwa huu huua kati ya watu 290,000 na 650,000 kwa matatizo ya kupumua. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee, na wenye maradhi ya kudumu kama vile pumu na kisukari.

Unavyoenea

Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, hurusha matone madogo yenye virusi. Matone hayo huvutwa na aliye karibu, au huangukia mezani, kwenye kitasa na kwenye simu. Anayegusa vitu hivyo kisha akajishika pua, mdomo au macho hujiambukiza mwenyewe.

Kumbuka jambo moja kubwa: dalili huanza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, mara nyingi siku ya 2, lakini mtu huweza kuambukiza wenzake siku moja kabla ya kujijua kuwa anaumwa. Kwa hiyo familia inayosubiri mtu akohoe ndipo ianze kujikinga imekwisha chelewa. Kinga ya kweli ni tabia ya kila siku ya watu wote nyumbani.

Kwako mtahiniwa, hesabu ni rahisi. Mtihani wa Taifa hufanyika Novemba, wakati mvua za vuli zinanyesha Bunda na watu wanajifungia ndani. Ukiambukizwa Jumamosi, Jumatatu asubuhi unaweza kuwa unatetemeka ndani ya chumba cha mtihani.

Tabia za kila siku

(a) Nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa sekunde 20. Beseni moja linalozungushwa kwa watu sita kabla ya ugali husambaza uchafu wa wa kwanza kwa wote. Mmoja awamiminie wenzake kwa jagi, au tengenezeni kibuyu chirizi kwa dumu na kamba.

(b) Kohoa na piga chafya kwenye kiwiko, si kwenye kiganja. Kiganja ndicho utakachosalimia nacho. Karatasi uliyofutia kamasi itupe chooni.

(c) Fungua madirisha. Wengi hufunga usiku kwa kuogopa mbu. Tumia chandarua, na mchana uache hewa ipite.

(d) Mgonjwa apewe sahani, kikombe na taulo lake. Ikiwezekana alale peke yake, na asimbebe mtoto mchanga wala kukaa karibu na bibi hadi apate nafuu. Kufanya hivyo si kumtenga. Mpelekee chakula na umjulie hali ukiwa mlangoni.

(e) Lala vya kutosha, kula matunda na mboga, na kunywa maji. Kukesha usiku kucha na vitabu huudhoofisha mwili.

Dhana potofu

Kunyeshewa mvua hakuzai virusi. Mvua huwakusanya watu ndani, na hapo ndipo virusi hupata njia. Antibiotiki huua bakteria, haziui virusi, hivyo usizinunue dukani kwa ajili ya mafua. Ipo chanjo, na hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu virusi hivi hubadilika, lakini si miongoni mwa chanjo za kawaida ambazo watoto wetu hupewa kliniki. Ndiyo maana tabia njema zina uzito mkubwa kwetu.

Wakati wa kwenda hospitali

Mkoa wa Mara una malaria, na homa ya malaria hufanana na homa ya mafua. Usibahatishe: pima damu. Anayeishi Manyamanyama hana haja ya kwenda mbali, maana huduma ya afya ipo katani hapo hapo. Mpeleke mgonjwa haraka akipumua kwa shida, akichanganyikiwa, au mtoto akikataa kunyonya.

Anza leo, usisubiri wiki ya mtihani. Wewe uliyesoma haya ndiye wa kuwaelekeza wadogo zako na kuwaeleza wazazi kwa heshima.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti tatu kati ya mafua ya kawaida na homa ya mafua.
2. Kwa nini kujikinga baada ya mtu kuanza kukohoa ni kuchelewa?
3. "Mvua ndiyo huleta mafua." Jadili kauli hii kwa hoja mbili.