BARAFU IWAKAYO MOTO CHINI YA BAHARI

Nchi isiyo na kuni zake hupika kwa hisani ya jirani. Japani yajua jambo hilo vyema. Karibu mafuta na gesi yake yote huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, na baada ya ajali ya mitambo ya nguvu za atomiki ya Fukushima mwaka 2011, ilipolazimika kuifunga kwa muda na mitambo yake mingine, gharama ya kununua gesi ilipanda sana. Kwa hiyo hatuwacheki Wajapani waendapo kutafuta gesi ndani ya barafu.

Naam, barafu. Katika kina kirefu cha bahari, penye baridi na uzito mkubwa wa maji, gesi ya methani hufungwa ndani ya maji yaliyoganda, na wataalamu hukiita kitu hicho hidrati. Kwa macho chafanana na theluji iliyoshindiliwa. Ukikiwashia kiberiti chawaka, huku maji yakidondoka. Meta moja ya ujazo ikiyeyuka hutoa zaidi ya meta 160 za ujazo za gesi. Isidhaniwe kuwa ni sawa na gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ambayo hupanda kisimani kwa nguvu zake yenyewe. Hii haitoki mpaka ifunguliwe kifungoni.

Tarehe 12 Machi 2013, katika bahari ya Nankai, meli ya kuchimba iitwayo Chikyu ilifanya kazi hiyo mahali penye maji ya kina cha meta 1,000 hivi. Wahandisi hawakuipasha moto ile barafu. Walivuta maji kisimani kwa pampu ili uzito upungue, nayo hidrati ikaanza kuyeyuka. Gesi ikapanda, mwali ukaonekana melini, magazeti ya dunia yakashangilia. Siku ya sita mchanga ukaingia kisimani, kazi ikasimama.

Mchanga huo haukuwa bahati mbaya tu. Barafu yenyewe ndiyo iliyoushikamanisha kama saruji; ikiyeyuka, mchanga hukosa wa kuushika, ukafuata maji bombani. Wajapani walirudi mwaka 2017: kisima cha kwanza kikasumbuliwa tena na mchanga baada ya siku 12, cha pili kikaendelea siku 24. Mwaka huo huo China ilitoa gesi kwa siku 60 katika bahari iliyo kusini yake, na mwaka 2020 ikapata meta za ujazo 861,400 katika siku 30.

Siku 60 ni sifa kwa mhandisi, lakini mwenye mtambo wa umeme ataka gesi ya miaka 20. Hata leo hakuna nchi iuzayo gesi ya namna hii itokayo baharini. Sisi twaona Japani yafanya vyema kuendelea kujaribu, na yafanya vyema zaidi kutojitangazia ushindi.

Lipo neno ambalo waisifuo gesi hii hupenda kulipita haraka. Methani ikivuja bila kuchomwa, kwa muda wa miaka 20 huipasha dunia joto mara 80 hivi kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Twataka kusikia kwa wachimbaji, kabla ya kisima cha kwanza cha biashara, ni nani atakayepima uvujaji huko chini, na ni nani atakayekuwa na amri ya kukifunga.