Gari la Le Mans Linapojifunza Mwendo wa Mjini

Juni 2025, katika siku za kuelekea mbio za saa 24 za Le Mans, barabara za kawaida za eneo hilo la Ufaransa zilipitiwa na gari ambalo kwa desturi hubebwa kwenye lori hadi uwanjani. Lilikuwa Porsche 963 ya rangi ya fedha, paa lake likimfika mtu mzima kiunoni. Nyuma ya usukani alikaa Timo Bernhard, Mjerumani aliyewahi kushinda Le Mans mara mbili. Gari lilikuwa na namba za usajili, honi, taa za mbele na za nyuma, pamoja na kibali maalumu cha mamlaka ya Ufaransa.

Gari hilo linaitwa 963 RSP, na lilitengenezwa moja tu. Herufi hizo tatu ni za jina la Roger Penske, Mmarekani ambaye timu yake ilikuwa ikikimbiza magari ya 963 kwenye mashindano ya dunia na ya kwao Marekani. Injini ilibaki ya V8, lita 4.6, yenye turbo mbili na mota ya umeme ya kuisaidia, lakini programu yake ilibadilishwa ili inywe petroli ya kituoni. Gari liliinuliwa hadi kimo cha juu kabisa kinachowezekana, shokapu zikalegezwa, na likavishwa tairi za mvua za Michelin, kwa kuwa zile za mashindano ya jua kali hazina mstari hata mmoja. Ndani kuliwekwa ngozi ya rangi ya kahawia hafifu, na dereva akapata hata mahali pa kuweka kikombe cha kahawa.

Katika orodha hiyo yote hakuna rekebisho hata moja lililolenga kuongeza kasi. Kazi nzima ilikuwa kulifundisha gari kwenda polepole. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa yeyote anayetaka kujenga nakala ya gari la mbio za ustahimilivu ili aliendeshe barabarani. Watu hudhani kazi kubwa ni umbo: lile bawa la nyuma, lile pezi lililosimama mgongoni, ile pua iliyokaribia kugusa lami. Umbo lina ufundi wake, lakini huiga kinachoonekana. Yanayomhangaisha fundi ni yale yasiyoonekana, na mengi hujitokeza gari likiwa chini ya kilomita 60 kwa saa.

La kwanza ni hewa. Prototaipu ya Le Mans, yaani gari lililobuniwa kwa ajili ya mbio tu, hushikwa chini na upepo unaopita juu ya bawa na chini ya sakafu yake. Kani hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Tuseme gari linakandamizwa kwa uzito wa kilo 1,600 likiwa kwenye kilomita 320 kwa saa. Likishuka hadi 80, ambayo ni robo ya kasi ile, mkandamizo haubaki robo. Hubaki sehemu moja ya kumi na sita, yaani kilo 100. Springi za gari la mbio huwa ngumu kwa sababu zinabeba mzigo huo mkubwa juu ya uzito wa gari lenyewe. Barabarani mzigo haupo. Fundi akiziacha springi zilezile, gari litaruka kwenye kila kiraka cha lami, na tairi zitakuwa hewani nusu ya safari. Kwa hiyo nakala nzuri huwa na springi laini kuliko za gari inaloliiga, na bawa lake hubaki zaidi kwa ajili ya sura.

La pili ni joto, nalo huleta tabu pande zote mbili. Breki za kaboni hazishiki vizuri hadi zipate joto la mamia ya nyuzi za Selsiasi. Asubuhi ya baridi, kwenye taa za kwanza za barabarani, dereva atakanyaga pedali na gari litaendelea kuteleza mbele. Ndiyo maana wajenzi wengi huchagua diski za chuma. Injini nayo ina shida iliyo kinyume chake. Rejeta za gari la mbio zimepimwa kwa gari lisilosimama, na likiingia kituo cha mafundi huzimwa. Kwenye foleni hakuna upepo wa kuzipoza. Lazima ziongezwe feni, na lazima itafutwe njia ya kuitoa hewa moto nyuma ya injini bila kuunguza bodi, ambayo ni ya nyuzi na resini.

Halafu kuna kuona na kuonekana. Uwanjani magari yote huenda upande mmoja, hivyo taa za usiku wa Le Mans hazina wa kumheshimu. Humwaga mwanga mbali kadiri inavyowezekana. Barabarani kuna mtu anayekuja kutoka mbele. Kanuni za Ulaya hutaka taa ya mwanga wa chini isikae chini ya milimita 500 kutoka ardhini, na pua ya prototaipu iko chini mno kiasi kwamba kila milimita hutafutwa kwa rula. Mjenzi ataisogeza taa juu ya tao la gurudumu, au atainua gari zima, na kila akiinua, umbo alilolipenda linapungua kidogo.

Porsche wenyewe walianza safari hii zamani. Mwaka 1975, Gregorio Rossi di Montelera, wa familia ya kinywaji cha Martini & Rossi, alipewa 917, aina ya gari lililoipa kampuni hiyo ushindi wake wa kwanza wa jumla pale Le Mans mwaka 1970. Liliwekewa sailensa, vioo vya pembeni, indiketa na viti vya ngozi. Usajili ulipatikana katika jimbo la Alabama, Marekani, kwa sharti kwamba gari hilo lisiendeshwe kamwe ndani ya Alabama. Rossi alilichukua Zuffenhausen, yaliko makao ya Porsche, akaliendesha mwenyewe hadi Paris. RSP ya Penske ilipakwa rangi ya fedha kwa kumbukumbu ya gari hilo.

Jochen Dauer alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1993 alionyesha mjini Frankfurt Porsche 962 aliyoitengeneza iwe ya barabarani, yenye kiti cha abiria, nafasi ndogo ya mizigo na mfumo wa haidroliki wa kuliinua gari likiwa kwenye mwendo mdogo. Mwaka uliofuata, toleo la mbio la gari hilohilo liliingia Le Mans katika daraja la magari ya barabarani, likashinda mbio nzima likiendeshwa na Yannick Dalmas, Hurley Haywood na Mauro Baldi.

Aston Martin Valkyrie ilipita njia ya kinyume. Ilizaliwa ikiwa ya barabarani, na injini yake ya V12 ya lita 6.5 iliyotengenezwa na Cosworth, ndipo mwaka 2025 ikaingia Le Mans. Ikiwa na msaada wa umeme, ile ya barabarani ina nguvu za farasi zaidi ya 1,100. Ile ya mashindano haina mota ya umeme, na kanuni haziiruhusu kupita kilowati 500, ambazo ni farasi kama 680. Mteja anayekwenda nayo dukani ana nguvu nyingi kuliko dereva wa Le Mans.

Asiye na pesa za Penske anaanzia gereji. Nchini Uingereza, kampuni ndogo ya Ultima ya Hinckley imeuza kwa miaka mingi vifaa vya gari la injini ya kati: chasisi ya mabomba ya chuma, bodi ya faibaglasi, na nafasi ya V8 ya Chevrolet. Chasisi za namna hiyo ni msingi wa kuaminika. McLaren walipokuwa wakibuni F1 yao, ambayo toleo lake la mbio lilishinda Le Mans mwaka 1995, walinunua magari mawili ya Ultima wakayaita Albert na Edward. Moja likapimiwa giaboksi, lingine injini ya V12 ya BMW.

Juu ya msingi kama huo fundi huchonga umbo kwa povu gumu, hulipaka na kulisugua mpaka ling'ae, hutoa kalibu, kisha hulaza matabaka ya nyuzi na resini ndani yake. Mfumo wa umeme wa volti 800 wa gari halisi kama 963 kwa kawaida huachwa. Ni hatari kwa asiyefundishwa. Tatizo lingine ni urefu. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya 963 unazidi mita 3, kwa hiyo chasisi fupi hulazimika kurefushwa, la sivyo umbo litaonekana limebanwa.

Mwishoni gari hupelekwa kwa mkaguzi wa serikali. Uingereza ukaguzi huo wa gari moja moja unaitwa IVA. Mkaguzi hutumia tufe lenye kipenyo cha milimita 100: kila mahali tufe hilo linapogusa nje ya bodi, ukingo hautakiwi kuwa mkali kuliko mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 2.5, ili mtembea kwa miguu akigongwa asikatwe. Pua ya prototaipu ni ubao mwembamba wa kaboni, na bawa lake huishia kwa ncha kali kama kisu. Basi fundi aliyetumia miezi kuunyoosha ukingo huo huchuchumaa sakafuni na mpira mweusi mkononi, akiuvisha sentimita kwa sentimita kutoka gurudumu moja hadi lingine.