Ualbino: Elimu peke yake haiondoi ubaguzi, tushirikiane kazi

Mtoto mwenye ualbino akikalishwa dawati la nyuma, haoni ubao. Akishindwa kunakili, mwalimu humdhania mzito wa kuelewa na wenzake humcheka. Ubaguzi hujengeka hivyo, hata kama hakuna aliyetamka tusi. Utafiti wa kisayansi unaonyesha kuwa ubaguzi huo unaweza kupunguzwa, na kazi hiyo huanzia darasani, sokoni na kwenye vikao vya mtaa.

Hali ya kurithi

Ualbino si laana, wala hauambukizi. Ni hali ya kurithi inayoufanya mwili utengeneze melanini kidogo mno au usiitengeneze kabisa. Melanini ndiyo inayoipa rangi ngozi, nywele na macho. Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara, aina inayoonekana zaidi hutokana na mabadiliko katika jeni ya OCA2. Mwenye nakala moja iliyobadilika haonyeshi dalili yoyote. Baba na mama wote wakiwa nayo, kila ujauzito una nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa mtoto mwenye ualbino. Hivyo anayemtuhumu mama kuwa alitoka nje ya ndoa anamwonea, kwani mtoto amerithi kwa wazazi wote wawili.

Melanini inapopungua, sehemu ya ndani ya jicho haikui ipasavyo, hivyo mtu haoni vizuri. Miwani husaidia, ila haimalizi tatizo. Ngozi nayo hukosa kinga dhidi ya jua kali, na saratani ya ngozi hukatisha maisha ya wengi mapema.

Kukutana kwa namna gani?

Kujua hayo peke yake hakutoshi; inabidi watu wakutane. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kuwa chuki kati ya makundi hupungua watu wanapokutana kwa masharti manne: wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na viongozi wawaunge mkono. Mwaka 2006, watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichambua tafiti 515 na kuona kuwa kwa jumla watu wakikutana, chuki hupungua. Uchambuzi wao wa 2008 uliongeza jambo zito: kinachosaidia zaidi ni hofu kupungua na mtu kuhisi anachohisi mwenzake, kuliko kuongezewa maarifa tu.

Hata hivyo, kukutana kuna mipaka. Nchini Iraki, mtafiti Salma Mousa aliwachunguza wachezaji wa soka Wakristo waliopangwa timu moja na Waislamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa waliendelea kufanya mazoezi na wenzao Waislamu, lakini nje ya uwanja mwenendo wao ulibadilika kidogo tu. Kwa hiyo tukio moja la michezo au semina moja halitoshi. Watu wanahitaji kushirikiana katika sehemu nyingi za maisha.

Tuanzie hapa

Masharti ya Allport yanatekelezeka mtaani. Mwanafunzi mwenye ualbino akae mbele, apewe maandishi makubwa, na sare yake iwe na mikono mirefu na kofia pana. Hapo atashindana na wenzake kwa hadhi sawa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun. Halmashauri zihakikishe mafuta ya namna hiyo yanafika hadi zahanati za vijijini.

Katika kikundi cha kuweka na kukopa, mwanachama mwenye ualbino asiwe mpokeaji wa misaada tu. Apigiwe kura awe katibu au mweka hazina, na kazi za shambani zipangwe asubuhi na mapema au jioni ili naye ashiriki. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Bar'wani, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Kama jimbo liliweza, kamati ya shule na serikali ya mtaa zinaweza pia.

Kila Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, tunasikia hotuba nyingi nzuri. Tunachohitaji kesho yake ni mwalimu anayehamisha dawati na mwenyekiti anayegawa majukumu bila kuangalia rangi ya ngozi.