Kinanda cha umeme cha kubebeka

Kinanda cha umeme cha kubebeka ni ala ya muziki yenye vibonyezo kama vya piano, inayotoa sauti kwa sakiti za transista, na iliyoundwa ili mtu mmoja au wawili waweze kuibeba kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Vinanda vya aina hii vilitengenezwa zaidi katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, hasa nchini Uingereza, Italia, Marekani na Japani. Vinavyojulikana zaidi ni Vox Continental na Farfisa Compact. Viliondolewa sokoni na sintesaiza, lakini vilivyobaki bado vinapigwa, vinauzwa na kukarabatiwa.

Makala hii inaeleza namna kinanda hicho kinavyofanya kazi, kinavyopigwa na kinavyotunzwa. Hali za mwambao wa Ziwa Tanganyika, yaani Kigoma na Ujiji, zinatumika kama mfano, kwa kuwa huko umbali, mvua na umeme wa jenereta huonyesha wazi faida na udhaifu wa ala hii.

Jina

Kwa Kiswahili neno "kinanda" limebeba maana nyingi. Katika pwani ya kaskazini, hasa Lamu na visiwa vyake, lilitaja ala ya nyuzi inayoitwa pia kibangala au gambusi. Baadaye likatumika kwa ala za vibonyezo zilizoletwa na wamisionari na wafanyabiashara, na hata kwa mashine ya kupigia santuri. Leo mtu akisema "mpiga kinanda" kanisani au kwenye bendi, wasikilizaji huelewa mtu anayepiga ala ya vibonyezo inayotumia umeme.

Wapenzi wa ala za zamani huiita pia ogani ya kombo. "Kombo" hapa ni neno la Kiingereza linalomaanisha bendi ndogo. Halihusiani na kombo la Kiswahili, yaani kasoro, ingawa mwenye kinanda cha miaka sitini anaweza kuona kwamba yote mawili yanafaa.

Historia

Kabla ya transista, bendi iliyotaka sauti ya ogani ilikuwa na chaguo gumu. Ogani ya Hammond, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, ilitoa sauti kwa magurudumu ya chuma yanayozungushwa na mota. Sauti yake ilipendwa sana, lakini aina yake mashuhuri, B-3, pamoja na benchi na pedali ilikuwa na uzito wa karibu kilo 190.

Mwaka 1962 kampuni ya Jennings ya Dartford, Uingereza, iliyokuwa ikitengeneza amplifaya za Vox, ilitoa Vox Continental. Ilikuwa na oktava nne, mfuniko mwekundu, miguu ya chuma inayong'aa yenye umbo la herufi Z, na vibonyezo vyenye rangi zilizogeuzwa: vile ambavyo kwenye piano ni vyeupe vilikuwa vyeusi, na vyeusi vikawa vyeupe. Alan Price wa kundi la The Animals aliipiga katika "The House of the Rising Sun" mwaka 1964. Mwaka uliofuata John Lennon alionekana akiipiga kwa kiwiko katika onyesho la The Beatles kwenye uwanja wa Shea, New York.

Farfisa ilitokea upande mwingine kabisa. Kampuni hiyo iliundwa Italia mwaka 1946 kwa kuunganisha viwanda vya akodiani vya eneo la Ancona. Mafundi wake walizoea ala za kubebwa mabegani, na walipogeukia umeme hawakusahau jambo hilo: Farfisa Compact, ya katikati ya miaka ya 1960, hufungwa kama sanduku la safari na miguu yake huingia ndani. Ndiyo inayosikika katika "When a Man Loves a Woman" ya Percy Sledge (1966), na Richard Wright aliitumia katika miaka ya mwanzo ya Pink Floyd.

Katika miaka ya 1970 sintesaiza na piano za umeme zilichukua nafasi. Mwaka 2017 jina la Vox Continental lilirudi sokoni kwa ala mpya ya kidijitali, ambayo kwa ndani haifanani na ile ya zamani.

Namna kinavyofanya kazi

Ndani ya kinanda kuna vizalisha sauti kumi na viwili tu, kimoja kwa kila nota ya oktava pamoja na nusu toni zake. Kila kimoja hutoa nota yake ya juu kabisa. Nota za chini hupatikana kwa kugawanya: sakiti ndogo ya transista hupokea mitetemo na kutoa nusu yake. Nota ya "la" yenye mitetemo 440 kwa sekunde ikipita kwenye kigawanyaji huwa 220, kisha 110, na kila hatua ni oktava moja chini.

Mfumo huu una matokeo matatu ambayo mmiliki anapaswa kuyaelewa.

La kwanza, nota zote zipo tayari wakati wote, na kibonyezo hufungua njia tu. Hivyo mpigaji anaweza kubonyeza vidole vyote kumi na kusikia nota zote kumi, jambo ambalo sintesaiza za mwanzo hazikuliweza. Minimoog ya mwaka 1970 ilitoa nota moja kwa wakati.

La pili, kukipatanisha ni kazi fupi. Ukirekebisha kizalisha sauti cha "do", do zote za kinanda zinakaa sawa kwa pamoja. Piano ina nyuzi zaidi ya mia mbili za kupatanisha. Hapa kuna sehemu kumi na mbili, na programu ya kupimia nota kwenye simu inatosha kuwa kipimo.

La tatu, ugonjwa hujieleza wenyewe. Kama do zote zimenyamaza, tatizo liko kwenye kizalisha sauti cha do. Kama do za juu zinalia na za chini hazilii, ni kigawanyaji. Kama ni kibonyezo kimoja tu, mara nyingi ni waya au mguso wa chini yake uliochafuka. Kama kinanda chote kinanguruma, angalia sehemu ya umeme kwanza. Fundi redio ambaye hajawahi kukiona anaweza kufuata njia hiyo na kufika.

Rangi ya sauti huchaguliwa kwa njia mbili. Vox ina vivuta, yaani vishikio vinavyovutwa kidogo au sana ili kuongeza au kupunguza sehemu fulani ya sauti. Farfisa ina swichi za rangi zinazowashwa au kuzimwa. Namba 16, 8 na 4 zilizoandikwa juu yake zinatokana na urefu wa bomba, kwa futi, katika ogani za kanisa: 8 ni sauti ya kawaida, 16 ni oktava moja chini, na 4 ni oktava moja juu.

Upigaji

Kibonyezo cha kinanda hiki hakijali nguvu ya kidole. Ukigusa taratibu au ukipiga kwa hasira, sauti ni ileile; ukubwa wake huongozwa na pedali ya mguuni. Hakuna pia pedali ya kurefusha sauti kama ya piano, kwa hiyo kidole kikiondoka nota inakatika papo hapo. Mpigaji hujifunza kushikilia nota hadi kidole kinachofuata kifike, na kubadilisha vidole juu ya kibonyezo kimoja bila kukiachia. Mbinu hizo ni zilezile za wapigaji wa kinanda cha upepo kanisani.

Ugumu mkubwa zaidi humpata mpigaji wa leo. Vinanda vya kisasa vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, na aliyejifunzia huko anaweza kuzoea kupiga kila wimbo kwa vidole vilevile, akibonyeza kitufe kwaya inapotaka sauti ya juu au ya chini. Kwenye Vox au Farfisa kitufe hicho hakipo. Kwaya ikianza katika ufunguo mwingine, mpigaji ni lazima aujue ufunguo huo.

Sauti yake ni kali na hupenya kati ya magitaa na ngoma. Ndiyo maana hakihitaji kupigwa sana: nota mbili au tatu zinazojibu uimbaji huwa na nguvu kuliko mikono miwili iliyojaa. Mkono wa kushoto ukishuka chini mno, hugombana na gitaa la besi.

Afrika ya Mashariki

Mfano mashuhuri wa mpiga ogani katika bendi za kanda hii unatoka Ethiopia. Hailu Mergia, aliyeanza na akodiani, alikuwa mpiga ogani wa Walias Band, bendi iliyopiga kwa miaka mingi katika hoteli ya Hilton, Addis Ababa, na kutoa albamu "Tche Belew" mwaka 1977. Baada ya ziara ya Marekani iliyoanza mwaka 1981 alibaki huko, akafanya kazi ya udereva wa teksi Washington. Aliweka kinanda kidogo cha betri kwenye buti ya gari na kufanya mazoezi akisubiri abiria. Rekodi zake za zamani zilipotolewa upya kuanzia mwaka 2013, alirudi jukwaani.

Katika pwani ya Waswahili, ala za vibonyezo zilikuwa na kazi kabla ya umeme. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba taarab yenye mahadhi ya Kihindi akiwa na harmoniamu, na vikundi vya Zanzibar kama Culture Musical Club vina akodiani. Katika miaka ya 1990 taarab ya kisasa ya vikundi kama East African Melody na Tanzania One Theatre ilikiweka kinanda cha elektroniki mbele, mahali ambapo zamani palikuwa na safu ya fidla. Katika muziki wa dansi, Waziri Ally wa Kilimanjaro Band, maarufu kama Wana Njenje, ni miongoni mwa wapiga kinanda wanaojulikana sana Tanzania.

Vinanda vya kizazi hicho cha karibuni ni vya kidijitali. Mikono inayovipiga, hata hivyo, ingejikuta nyumbani mbele ya Farfisa, hasa mikono ya wapiga kinanda wa kwaya, walio wengi kuliko wa bendi.

Umeme na safari: mfano wa Kigoma

Kwa miaka mingi Kigoma ilipata umeme kutoka jenereta za dizeli, kabla mkoa haujaanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Nje ya mji, jenereta ndogo ya petroli au sola bado ndiyo tegemeo la sherehe nyingi. Hapa tofauti kati ya Hammond na kinanda cha transista inakuwa kubwa. Mota ya Hammond hufuata mzunguko wa umeme. Jenereta iliyopangwa kutoa hezi 50 ikichoka na kushuka hadi 49, ogani nzima inashuka kwa asilimia 2, ambayo ni karibu theluthi moja ya nusu toni. Kwaya na magitaa vitaisikia mara moja. Vizalisha sauti vya transista havifuati mzunguko huo. Jenereta ikilegea, Vox au Farfisa iliyo nzima inabaki kwenye nota yake.

Uzito nao una maana yake. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na ni safari ya takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Vijiji vingi vya kandokando ya ziwa hufikiwa kwa boti. Sanduku la kubebwa na watu wawili linaweza kuwekwa kwenye behewa au ndani ya boti. Ogani ya kilo 190 haiwezi kuteremshwa ufukweni bila gati.

Hewa ya ziwa ina nafuu moja: maji ya Tanganyika ni baridi, si ya chumvi, kwa hiyo upepo wake hauli waya na miguso kama upepo wa Bahari ya Hindi unavyofanya Dar es Salaam au Mombasa. Unyevu wa masika, hata hivyo, upo, na mende hupenda sanduku lenye giza na joto.

Kununua na kutunza

Kosa linaloua vinanda vingi hufanyika katika dakika ya kwanza. Baadhi vilitengenezwa kwa soko la Marekani, vikitumia volti 117, wakati soketi ya Tanzania ina volti 230. Soma kibao cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kama kimeandikwa 110, 115 au 117, tumia transfoma ya kushusha umeme. Waya nyingi za zamani hazina nyaya ya ardhi, na fundi anapaswa kuiongeza.

Kinanda kilichokaa stoo miaka ishirini kisiwashwe kwa majaribio. Kapasita za sehemu ya umeme hukauka, na zikipasuka huweza kuchoma transfoma, ambayo ni ngumu kupata. Zibadilishwe kwanza, ni za bei ndogo na fundi redio wengi wanazo. Zinaweza kushika chaji baada ya kuzimwa, hivyo asiye fundi asiguse ndani. Baada ya hapo stabilaiza ni ya lazima, na inveta ya bei rahisi isiyotoa wimbi laini huleta mngurumo katika spika.

Miguso ya vibonyezo isafishwe kwa spiriti safi, kamwe si kwa mafuta ya mashine, ambayo hukusanya vumbi. Sponji za ndani zilizogeuka gundi ziondolewe. Kinanda kiwekwe mbali na ukuta wenye unyevu, kifunikwe kwa kitambaa badala ya plastiki inayozuia hewa, na kiwashwe angalau mara moja kwa wiki wakati wa mvua ili joto lake likaushe ndani.

Vox na Farfisa nyingi zinahitaji amplifaya ya nje. Amplifaya ya gitaa hutosha kwa sauti za kati, lakini nota za futi 16 zikipigwa kwa nguvu zinaweza kupasua spika ndogo. Ya besi, au mfumo wa spika wa kanisa, ni salama zaidi.